Robo Inchi

Sokoni Kakamega hakuna anayenijua kwa jina. Wananiita Vipande. Kila Jumanne na Ijumaa, kabla ya saa tatu asubuhi, napita kwenye veranda za mafundi wa nguo nikiwa na gunia, nao wananisukumia kwa mguu mifuko ya mabaki ya vitambaa walivyokata tangu nilipopita mara ya mwisho. Mwanzoni mabaki hayo yalikuwa ya bure. Kisha fundi mmoja akagundua kwamba nikiyashona nayauza, akawaambia wenzake, na siku hizi mfuko ni shilingi 50. Nisiponunua mimi atanunua mtu wa kujaza mito, au yatawasha jiko.

Nikirudi Amalemba, ninakoishi, namwaga gunia lote sakafuni na kuanza kuchambua. Kitenge upande huu, shifoni upande ule, sare za shule karibu na mlango. Kila Januari gunia langu hujaa kijani, maruni na buluu. Kipande nisichokijua nakichomoa uzi mmoja, nauchoma kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu. Poliesta huyeyuka, hujikunja, huacha kitone kigumu kama shanga. Vya poliesta naviweka kando, nitashonea mikoba. Vya pamba naviloweka kwenye beseni, kwa sababu kitenge kipya kina wanga na rangi zingine huchuja. Usipokiosha mapema, kitakuja kumpaka jirani yake rangi wakati mteja ameshalipa. Halafu naanika kwenye kamba ya ploti na kuomba vikauke kabla ya saa tisa. Anayeishi Kakamega anaijua mvua ya saa tisa.

Mwezi wa kwanza majirani walidhani nimeficha mtoto mchanga mle ndani. "Hizo nepi ni za nani?" mama wa mlango wa pili aliniuliza. Nilipomwambia ni za blanketi, akacheka mpaka akashika ukuta. "Sasa wewe, kijana mzima, unashona viraka?" Mwaka uliofuata alinunua moja la mtoto wake.

Kwa hivyo ndiyo, natengeneza mablanketi ya viraka. Vipande juu, blanketi kuukuu la mitumba katikati, shuka la mitumba chini, halafu mishono inayopita tabaka zote tatu ili zisitembee. Mchana nashona. Usiku naandika: maelezo ya bidhaa za maduka ya mtandaoni, makala kuhusu mbwa wa watu ambao sitawahi kuwaona, tafsiri nikibahatika. Kuna mwezi maneno ndiyo hulipa kodi ya nyumba, na kuna mwezi ni vitambaa.

Blanketi la kwanza nililishona kwa ajili ya kitanda changu mwenyewe, kitanda cha nne kwa sita, yaani inchi 48 kwa 72. Nilikata vipande 180 vya inchi tano kwa tano. Kumi na viwili kwa upana, kumi na vitano kwa urefu. Hesabu ilikuwa rahisi: 60 kwa 75. Lingenifunika na kubaki. Nilishona wiki tatu. Lilipoisha nikalitandaza, nikalala, na miguu ikabaki nje.

Nilipima mara tatu nikidhani rula ndiyo inanidanganya. Urefu, inchi 68. Nikalibeba mpaka sokoni kwa mzee mmoja fundi wa suti. Hakupima. Aliligeuza tu, akaangalia mishono kwa nyuma, akatabasamu.

"Uliacha robo inchi ya mshono kila upande?"

"Ndiyo, mzee. Si ndivyo inafaa?"

"Inafaa. Sasa hiyo robo, wewe ulidhani inaenda wapi?"

Kipande cha inchi tano kikishonwa pande zote kinabaki nne na nusu. Ile nusu haijapotea, iko pale chini, imekunjwa, ndiyo inayoshika. Ukiionea uchungu ukashona ukingoni kabisa, blanketi litafumuka siku ya kwanza kufuliwa. Hiyo ni hesabu ya mtoto wa shule ya msingi, na mimi nilikuwa nimesomea takwimu chuo kikuu miaka mitatu. Nyumbani walijua ni minne.

*

Niliingia chuo Septemba 2018. Machi 2020 vyuo vikafungwa kwa sababu ya korona, nikarudi kwetu Shinyalu kwa Mama. Mama hufuma. Kama umewahi kuketi kwenye sebule ya Waluhya unavijua vitambaa ninavyosema: vya kufunikia makochi, vya meza, vya redio, vya chochote chenye mgongo. Vingine hufumwa kwa krosheti, vingine hutariziwa maua na maneno ya kumkaribisha mgeni. Mama hufuma seti nzima, na chama chao cha kina mama kumi na wanne huziuza kwa watu wenye harusi. Baba alitutoka nikiwa darasa la sita. Tangu hapo, sebule za watu wengine ndizo zilizotulisha.

Mwaka ule mafundi waliacha nguo wakashona barakoa, na Mama naye akapata kazi ya barakoa za watu wa kanisani. Mimi nikawa mtu wa kukunja na kupiga bandi. Alinifundisha jambo moja ambalo limenikaa: kazi ya mkono huangaliwa nyuma. Ukimpa kitambaa ulichofuma, kabla hajasifu maua, anakigeuza. Mafundo yako wapi? Uzi umerukaruka wapi? "Mbele ni ya wageni," husema. "Nyuma ndiyo yako."

Chuo kilipofunguliwa nilirudi kwa mwili tu. Usiku nilikuwa nawaandikia insha wanafunzi wa ng'ambo. Vijana wengi waliopitia chuo Kenya miaka ile wanaijua hiyo kazi: unakodi akaunti ya mtu, unalipwa kwa ukurasa, mtu wa Texas analala wewe ukimwandikia kuhusu Shakespeare, na asubuhi yeye anapeleka kwa mwalimu wake. Nililipwa shilingi 300 kwa ukurasa. Huko Marekani nilipata alama nzuri sana. Hapa kwetu nilikuwa nalala mchana. Nikakosa mitihani miwili, nikaanguka mingine miwili, nikaambiwa nirudie yote minne. Januari 2022 sikujisajili. Hakuna aliyenifukuza na hakuna aliyenionea. Sikwenda tu, wiki moja ikawa mbili, mbili zikawa mwezi, na mwishowe nikawa mtu aliyeacha chuo.

Shida ni kwamba Mama alikuwa ameshatuma pesa. Shilingi 14,000 kwa M-Pesa, halafu ujumbe wa maneno mawili: "Soma sana."

Nilimjibu: "Asante Mama, nimelipa."

Siku nne baadaye nikanunua cherehani, Singer ya kukanyaga, iliyotumika, kwa shilingi 12,000. Zile 2,000 zilizobaki zikawa uzi, mkasi na mafuta ya cherehani. Ukiniuliza kwa nini cherehani, jibu la kweli ni kwamba zile barakoa ndizo kitu cha mwisho nilichokumbuka kukimaliza. Nilijiambia nitarudisha pesa kabla hajajua. Septemba akatuma 14,000 nyingine. Januari 2023 akatuma tena. Kila mara nilijibu nimelipa. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika miezi 22.

*

Kushona viraka nilijifunza kwa simu, kwa bando la usiku. Walimu wangu wa kwanza walikuwa kina mama wa Marekani wenye chumba kizima cha kushonea, pasi za mvuke, na visu vya gurudumu vinavyokata tabaka sita kwa mpigo. Wananunua kitambaa kipya, wanakikata vipande, kisha wanaviunga tena. Nilikuwa naangalia nikijiuliza kwa nini wasikiache tu kikiwa kizima. Na kila kitu kwao ni mraba kamili. Vipande vyangu mimi ni makwapa, ni shingo, ni pembetatu zilizobaki fundi alipokata rinda. Ukitaka mraba kutoka kwa kwapa, unatupa nusu.

Usiku mmoja wa 2023 nikakutana na Wasiddi. Hawa ni watu wenye asili ya Afrika wanaoishi India, hasa katika majimbo ya Karnataka na Gujarat. Wengi wa mababu zao walitoka upande huu wetu wa mashariki na kuvushwa bahari katika karne kadhaa, wengi wakiwa watumwa. Wale wa Karnataka, wengi ni kizazi cha waliopelekwa Goa na Wareno. Wanawake wa Kisiddi hushona mablanketi ya viraka yanayoitwa kawandi, kutokana na nguo zilizochakaa. Hawapimi miraba. Wanatandaza sari kuukuu kama msingi, wanaanzia kwenye kona, wanashona kwa mkono kuzunguka ukingo, kiraka baada ya kiraka, wakisogea ndani taratibu mpaka wanafika katikati. Kipande chenye umbo la kwapa kinaruhusiwa kubaki na umbo la kwapa. Na kwenye kila kona wanaweka vipembetatu vidogo vya kitambaa kilichokunjwa, vinavyoitwa phula, yaani maua. Kawandi isiyo na phula, kwao, iko uchi.

Niliiangalia ile video mara tatu. Mama mmoja mle alikata uzi kwa meno, vile vile Mama yangu hufanya nami humkataza.

Halafu nikagundua kwamba hata hakukuwa na haja ya kwenda India. Leso yenyewe, inavyosimuliwa pwani, ilianza kama viraka. Katika karne ya 19 wanawake wa Zanzibar na Mombasa walinunua leso za mkononi zikiwa bado hazijatenganishwa, sita kwa mstari. Wakazikata katikati, tatu na tatu, wakaziunga ubavu kwa ubavu zikawa vazi moja. Wafanyabiashara wakaona, wakaanza kuchapa kitambaa kizima cha ukubwa ule, chenye pindo na mji, na baadaye jina. Kwa hivyo yule mama wa mlango wa pili alipokuwa akicheka viraka vyangu, kiunoni alikuwa amejifunga mjukuu wa viraka. Nilimwambia. Akasema leso yake ni ya Mombasa, si ya gunia.

Tangu usiku ule nashona kwa kuanzia ukingoni. Cherehani naitumia kwa mikoba na kwa kuunga mashuka ya chini. Juu nashona kwa mkono, nimekaa kitandani, subana kidoleni, redio ikiongea. Blanketi kubwa linanichukua wiki tatu hadi nne na naliuza 4,500. La mtoto ni 1,200. Nikigawa kwa saa nilizokaa ni aibu, kwa hivyo sigawi. Lakini mwishoni mwa 2022 ChatGPT ilikuwa imetoka, na kufikia katikati ya 2023 yule mtu wa Texas hakunihitaji tena. Viraka vikawa ndivyo chakula.

*

Ijumaa moja ya Novemba 2023 nilirudi na gunia, nikamwaga kama kawaida. Katikati kulikuwa na mfuko uliojaa kitenge cha aina moja tu: rangi ya chungwa, na mikia ya tausi ya buluu. Si jambo la kila siku. Fundi hukata rinda la huyu na shati la yule, mfuko unatoka mchanganyiko. Mfuko wa kitenge kimoja maana yake ni sare ya harusi, ya kwaya au ya chama. Nikachomoa uzi, nikachoma. Majivu. Pamba nzito, nzuri. Nikaona blanketi zima hapo.

Jumanne nikamuuliza fundi kama ana mabaki mengine ya ile.

"Iko," akasema. "Nimebakisha nguo tano. Ni kina mama kumi na wanne wa huko Shinyalu, wana graduation ya kijana wa mmoja wao mwezi ujao. Unajua kina mama wakiamua." Akatoa nguo moja iliyokwisha kwenye hanga ili anionyeshe kola. "Hii ndiyo ya mwenyewe, mama ya kijana. Amesema yake iwe ya mikono mirefu."

Sikuuliza jina. Mama huvaa mikono mirefu kwa sababu ya kovu la maji moto kwenye mkono wa kushoto. Septemba alikuwa amenipigia simu kuniuliza graduation ni lini, nikamwambia Desemba, bado hawajasema tarehe. Nilidhani nimejinunulia muda. Kumbe nilikuwa nimewapa kina mama kumi na wanne kazi ya kufanya.

Nikaushika ule mkono wa nguo, nikaugeuza. Fundi alikuwa ameshona vizuri, ukingo umezibwa, mshono umenyooka kuanzia begani mpaka kifundoni.

"Vipi, utachukua?" akauliza.

Nikasema nitachukua. Nikalipa 50.

*

Nilikaa na vile vipande siku nne bila kushona chochote. Jumamosi nikapanda matatu ya kuelekea Kisumu, tukapita Ilesi, vyungu vimepangwa kando ya lami kama kawaida, nikashuka Khayega na kuchukua boda mpaka nyumbani.

Mama alikuwa jikoni anachambua mrenda. Akasema nimekonda. Akasema nikae. Nikatoa kipande cha tausi mfukoni nikakiweka juu ya meza.

Akakitazama, akanitazama. "Umekitoa wapi? Tulitaka kukushangaza."

"Mama, hakuna graduation."

Njiani nilikuwa nimepanga maneno mengi, lakini yalitoka hayo tu, na mengine nikayasema vibaya, bila mpangilio. Mitihani minne. Januari 2022. Zile pesa, mara tatu. Aliendelea kuchambua mrenda. Majani yalipoisha akachambua mabua. Nje mtoto wa jirani alikuwa anafukuza jogoo aliyekuwa amefungwa kamba mguuni, na nikajua jogoo huyo ametengwa kwa ajili gani.

Mwishowe Mama akauliza, "Pesa ya kwanza ulifanyia nini?"

"Nilinunua cherehani."

Akanyamaza kidogo.

"Ya mkono ama ya miguu?"

"Ya miguu."

"Ngapi?"

"Elfu kumi na mbili."

"Walikuibia," akasema, na hapo ndipo alianza kulia.

Sitaandika kilio cha Mama. Kilipoisha alinawa uso, akasonga ugali, tukala. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuuliza. Alipokuwa anatoa vyombo aliniambia, "Chama kinakutana kesho saa nane. Utawaambia mwenyewe. Mimi sitakusemea."

*

Tulikutana kwa mwekahazina wao, sebuleni, makochi yote yamevaa vitambaa vyeupe. Vitatu kati ya hivyo nilivijua, vilikuwa vya mkono wa Mama. Nilipewa kiti cha plastiki katikati. Nikasema. Safari hii nilisema kwa mpangilio, kwa sababu nilishajua ni sehemu gani inayouma.

Mwenyekiti, ambaye mimi namwita senge kwa sababu ni wa ukoo wa Baba, ndiye aliyevunja kimya. "Na isukuti?"

Walikuwa wameshawalipa wapiga isukuti shilingi 2,000 za kuwashika. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Wapigaji wenyewe walikuwa wamejilinda: hizo 2,000 hazirudi.

"Na nguo zimeshonwa," mwingine akasema.

"Si tutavaa Krismasi."

Kuna waliocheka. Mama hakucheka. Nami nikaanza kupumua, nikiona labda itaishia hapo, kwenye mzaha na aibu ya kawaida. Ndipo akaongea bibi mmoja aliyekuwa karibu na mlango. Huyo simwiti senge wala mama, namwita kukhu. Hakuniangalia, aliongea na wenzake.

Alisema ile pesa ya Januari 2023 haikuwa hata ya mama yangu. Ilikuwa mkopo wa chama. Mwezi ule waliohitaji mkopo walikuwa wawili: mama yangu, na yeye, kwa karo ya mjukuu wake wa kidato cha tatu. Pesa ilikuwa ya mtu mmoja. "Tukakaa hapa hapa, tukasema huyu wa chuo anakaribia kumaliza, apewe yeye. Wangu atangoja muhula." Mjukuu alingoja muhula mmoja, kisha wa pili. Hakurudi shule. "Saa hii yuko Nairobi, mjengo."

Nilikumbuka mzee wa suti. Hiyo robo, wewe ulidhani inaenda wapi? Kwa miezi 22 nilikuwa nimehesabu kama mtu anayepima vipande kabla ya kushona: pesa ni ya Mama, uongo ni wangu, siku moja nitarudisha, tutabaki sawa. Sikuwahi kujiuliza kule chini mshono unakula nini, na unakula cha nani.

Sikuwa na jibu, na kukhu hakuwa anangoja jibu. Alichukua mkoba wake, akaondoka kabla ya chai.

Mama ndiye aliyepiga hesabu, mbele yao. Mara tatu 14,000 ni 42,000. Ongeza 2,000 za isukuti. "Arobaini na nne," akasema. "Usinilipe mimi. Utalipa chama, elfu moja mia tano kila mwezi, mpaka iishe. Na ukikosa mwezi, utakuja hapa kueleza ukiwa umesimama." Kina mama wakaandika kwenye kitabu.

Nimelipa miezi kumi na saba. Naandika haya Aprili 2025 na nimebakisha 18,500. Sijakosa mwezi, ingawa kuna mwezi niliuza pasi. Mjukuu wa kukhu nilimtafuta, nikamwandikia kwenye WhatsApp mara mbili, ujumbe mrefu mrefu wa mtu aliyezoea kulipwa kwa ukurasa. Alijibu mara moja. "Poa bro." Sijui hayo maneno mawili yana nini nyuma, na siwezi kuyageuza.

*

Vile vitenge vya tausi vilikaa chini ya kitanda zaidi ya mwaka. Kuna mteja wa Milimani aliviona akataka nimshonee blanketi lake kwa hivyo hivyo, nikamwambia vimeshachukuliwa. Januari mwaka huu nikavitoa. Nimeanza kwenye kona, kwa njia ya Wasiddi, chungwa na buluu kuzunguka ukingo, na katikati navichanganya na sare za shule, kijani na maruni. Sijui ni la nani. Nikifika katikati labda nitajua, au nitamuuliza kukhu kama atalikubali, na huenda akakataa, na atakuwa na haki.

Mwezi uliopita Mama alikuja mjini kununua uzi, akapita kwangu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukiona hiki chumba. Aliketi kitandani, akaangalia dari, akaangalia jiko, akaangalia cherehani. Akainuka, akakanyaga pedali mara mbili.

"Mkanda umelegea."

"Najua, Mama."

"Unajua na hujakaza."

Halafu akaliona blanketi kitini, sehemu ya katikati bado wazi, sindano imechomekwa palepale nilipoachia. Nilingoja aseme kitu kuhusu tausi. Nguo yake ya mikono mirefu aliivaa Krismasi ile pamoja na wenzake, nikaiona kwenye picha, na hatujawahi kuizungumzia.

Alilishika kwa pembe mbili, akaligeuza. Akapitisha kidole juu ya mishono, polepole, kama anayesoma. Kikasimama.

"Hapa ulikuwa na haraka."

Nikachungulia. Kweli, mishono mitatu mirefu, imetawanyika. Nakumbuka hata siku yenyewe, umeme ulikuwa unapotea na kurudi.

"Fumua," akasema.

Nikachukua mkasi mdogo nikaanza kufumua, na yeye akashika upande ule mwingine ili kitambaa kisivutike. Tulikuwa tumetoa mshono wa pili tuliposikia tone la kwanza kwenye mabati. Saa tisa. Mama ndiye aliyetangulia kutoka mbio, akaanua vipande kwenye kamba kwa mikono yote miwili, huku akiniuliza kwa sauti ya kusikiwa ploti nzima, nani aliyenifundisha kuanika mchana Kakamega.